Marinda ya Uyoga

Mume wa dada yangu ni fundi cherehani, na mvua ikinyesha hashoni. Wateja wake wa zamani wanalijua hilo na hawajisumbui. Mteja mgeni akija baada ya mvua kubwa kuulizia suruali yake, mimi ndiye ninayemjibu, kwa sababu kibanda changu cha kushona viatu kimepakana na duka lake na ukuta wetu ni wa mbao. Ninamwambia fundi amekwenda kuchuma uyoga. Mteja hucheka, akidhani ni mzaha. Kisha hutazama cherehani iliyofunikwa kitambaa, hutazama suruali yake iliyolala mezani ikiwa na mguu mmoja, na kicheko hukatika.

Nitamsimulia kwa haki, ingawa ni shemeji yangu na shemeji hana haki. Ni mtu mrefu, mkavu, futi ya kupimia inaning'inia shingoni hata akienda msibani. Akikusalimia, macho yake huanzia mabegani, hushuka kiunoni, ndipo yapande usoni, na kabla hajauachia mkono wako ameshajua umenenepa. Kila kitu anakieleza kwa nguo. Nyumba ya jirani yetu anasema imekaa vibaya mabegani. Mimi mwenyewe, siku aliyokuja kumposa dada, alisema nimekatwa vizuri ila nimeshonwa haraka.

Na uyoga, ambao sisi wengine tunauona kama mwavuli tu, yeye anauona kama mtu aliyevaa.

"Usimhukumu mtu kwa kofia, shemeji," aliniambia mara ya kwanza aliponichukua malishoni, kule nyuma ya kiwanda cha maziwa. "Mgeuze, umtazame marinda."

Chini ya kofia ya uyoga kuna vipande vyembamba vilivyopangwa duara kuzunguka shina, vimekunjwa sawasawa kama marinda ya sketi ya mwanafunzi. Ule wa malishoni unaoliwa, alisema, marinda yake huanza na rangi ya waridi, kisha hukolea hadi kuwa kahawia. Unaoua una marinda meupe, na chini, mguuni, umevaa soksi iliyozama udongoni. Na kati yao kuna mjanja wa tatu, ndugu wa damu wa ule mzuri, kofia ileile, marinda yaleyale. Huyo ukimkwaruza shinani kwa ukucha anageuka manjano na kunuka kama dawa ya hospitali.

"Huyu haui," alisema. "Huyu anakuaibisha."

Kwa kuwa hata fundi hukosea kipimo, alijiwekea sheria. Aliyechagua ndiye anayekula kwanza, peke yake, na wengine wote wanasubiri hadi kesho yake. Akiamka mzima, tunapashiwa kiporo. Kwa sheria hiyo sijapata kula uyoga wa shemeji ukiwa moto kutoka jikoni, isipokuwa mara moja, na hiyo nitaifikia. Asubuhi ya kesho yake majirani wote walikuwa wakipita mlangoni kumuuliza, "Umeamkaje, fundi?" na nadhani hakuna salamu iliyoulizwa kwa moyo mweupe kama hiyo.

Dada yangu hakula kabisa. Hakula uyoga wa moto wala kiporo. Alikwenda naye malishoni, akabeba kapu, akasimama pembeni huku mumewe akihutubia juu ya marinda na soksi. Alikata vitunguu. Alipakua. Kisha alivuta kiti, akakaa mbele ya mumewe na simu mapajani, akamtazama akitafuna mpaka tonge la mwisho.

"Onja basi," shemeji alimwambia kila msimu.

"Nikionja na mimi, nani atampigia daktari?"

"Unaniamini kwa nyumba. Unaniamini kwa watoto. Kwa uyoga tu ndiyo huniamini."

"Wewe nakuamini. Uyoga ndio haujaniapia."

Jambo hilo lilimuuma. Alikuwa akiniambia kupitia mbao za ukuta, cherehani ikiwa imenyamaza: "Shemeji, dada yako ananitazama nikila kama hakimu. Mtu anakula mbele ya mkewe kama anasomewa mashtaka." Nilimpa pole. Moyoni nilisema ndivyo tulivyo kwetu, ubishi tumenyonya ziwani, na nikaendelea kupiga msumari wangu.

Sasa nije kwenye macho.

Dalili ya kwanza ilikuwa suruali nyeusi ya mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Ilishonwa vizuri sana, kwa uzi wa bluu. Mwalimu mkuu alirudi nayo mkononi, mpole kama watu wenye hasira kubwa. "Fundi," alisema, "watoto wa darasa la kwanza wananihesabia mishono." Shemeji alilaumu taa. Taa ikabadilishwa. Akalaumu viwanda, kwamba siku hizi wanapaka nyuzi rangi bila uaminifu. Baadaye vifungo vikaanza kukaa kando ya matundu yake, kama wapangaji waliogombana, na hapo akalaumu vumbi.

Katika kipindi hichohicho alimshonea dada gauni la kijani lenye maua, zawadi, bila kuombwa. Upindo wa kushoto ulikuwa umeshuka kuliko wa kulia, na si kidogo. Dada alilivaa sokoni, akalivaa kwenye harusi, akalivaa kwenda kuniletea chakula kibandani. Nilimwambia limepinda. Alinijibu, "Wewe ni fundi viatu. Tazama viatu."

Siku moja niliwahi kazini kwa sababu gundi yangu ilikuwa imebaki dukani kwake. Nikamkuta dada peke yake kwenye meza ya kukatia, ameelekea dirishani, anatunga sindano uzi. Alikuwa amezipanga kwenye kitakia, za uzi mweusi upande huu, za mweupe upande ule, bluu mbali kabisa. Mimi siku zote nilidhani shemeji ni mtu wa mpango tu.

"Anajua?" nikauliza.

"Anajua kwamba sindano zina uzi. Hajauliza nani anautia."

"Dada, mpeleke kwa daktari wa macho."

"Nimemwambia mpaka nimechoka. Anasema wateja wakisikia fundi haoni, watahama kabla hajatoka kwenye foleni ya hospitali. Anasema ni vumbi." Akachomeka sindano ya mwisho, akanitazama. "Na wewe ukifungua mdomo nitakushona."

Nikafunga mdomo. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kwetu kilio kilitokea chooni.

Mvua za kwanza zilipokuja, dada alikuwa amekwenda kumwona binti yao aliyejifungua, na angerudi jioni. Shemeji hakutaka kusubiri. Alinikabidhi kapu. Kule malishoni alipiga magoti kama kawaida yake, akachuma, akageuza, akausogeza uyoga karibu kabisa na macho. "Waridi," alisema. "Waridi. Huyu naye waridi." Akakwaruza shina, akatazama. "Safi." Mimi sikukagua. Ukienda kwa fundi huendi na futi yako.

Nyumba yao iko nyuma ya duka. Alipika mwenyewe, na vitunguu vikaanza kunukia mpaka kibandani. Kulikuwa na kaharufu kengine ndani yake, ka dawa, lakini nilidhani ni sufuria iliyosuguliwa. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimekula viporo maisha yangu yote ya ushemeji, na dada hakuwepo.

"Shemeji," nikasema, "leo tule wote."

Alisimama na mwiko mkononi. "Husubiri kesho?"

"Nakuamini."

Uso wake ulifunguka mpaka nikaona haya, maana sababu yangu ilikuwa njaa. Akanipakulia mimi zaidi.

Choo cha nyumba ile ni kimoja. Sitaki kueleza sana. Shemeji alitangulia, kwa haki ya mwenye nyumba, na mimi nikabaki nje ya mlango, nimeuegemea kwa mikono miwili.

"Shemeji," nikasema.

"Nipo."

"Najua upo. Hiyo ndiyo shida."

"Mgeni hamwondoi mwenyeji."

"Mimi si mgeni leo. Mimi ni mgonjwa."

"Hata mimi si mwenyeji sana," alisema kwa sauti iliyotoka mbali.

Hivyo ndivyo dada alivyotukuta, akiwa na mkoba begani na lile gauni la kijani. Hakuuliza tumekula nini. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya taka, akaokota mashina tuliyoyakata, akakwaruza moja kwa ukucha, na pale nilipokuwa nikaona linageuka manjano kama kiini cha yai. Akapiga ile simu aliyoishikilia mapajani misimu yote. Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali. Safari hiyo sitaisimulia, kwa heshima ya jirani na viti vyake. Tulipewa dawa na maji mengi, tukarudishwa nyumbani tukiwa wepesi.

"Ni mafuta," shemeji alisema alipopata nguvu ya kusema. "Mafuta yalikuwa ya zamani."

Dada alimjazia kikombe kingine cha maji. Nilitamani amgombeze. Dada akikugombeza ujue mambo bado yana dawa.

Kesho yake shemeji alilitundika kapu kwenye msumari nyuma ya mlango. "Uyoga umenichosha," alisema. "Ni mambo ya vijana." Mvua ikanyesha, nyasi za malishoni zikanawiri, na yeye akashona. Wateja walishangaa kupata suruali zao wakati wa mvua, wakamsifu kwamba siku hizi ni mtu wa ahadi. Mimi nilisikia cherehani ikilia huku bati nalo likilia juu yake, na moyo ukanishuka. Alikuwa akishona polepole, kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Hatari haikuwa suruali. Nilijua, na dada alijua, kwamba siku moja hamu ya uyoga itamzidi, atalishusha lile kapu, na safari hiyo asikutane na yule mjanja wa kuaibisha. Akutane na mwenye soksi.

Dada ndiye aliyelishusha. Mchana mmoja, mvua ikiwa imekatika, aliingia dukani na tope mpaka magotini, kapu mkononi na kifuko kidogo kimefungwa pembeni yake. Akatandaza gazeti juu ya meza ya kukatia. Mimi niliweka nyundo chini, nikasogeza jicho kwenye ufa wa mbao. Atakayenilaumu hajapata kuwa na dada.

"Nichagulie," alisema.

"Nani amechuma?"

"Mimi."

Shemeji alicheka kidogo. Akauchukua mmoja, akaugeuza, akauelekeza dirishani. "Waridi." Akachukua mwingine. "Huyu amekomaa, kahawia." Mkono wake ulikuwa na raha, nikaona jinsi alivyoukosa mchezo wake. Dada akafungua kile kifuko, akamkabidhi uyoga mmoja zaidi. Shemeji akaupapasa kofia, akaugeuza, akausogeza karibu na jicho hili, halafu lile.

"Waridi," alisema. "Huyu mzuri kuliko wote."

Dada aliuchukua kutoka kwenye vidole vyake, taratibu.

"Nimeukata juu makusudi," alisema. "Soksi yake nimeiacha ardhini. Marinda yake ni meupe kama sanda, Fundi."

Shemeji alisugua vidole vyake vilivyobaki vitupu.

"Ningeula," shemeji alisema mwishowe.

"Ungeula. Na mimi ningekaa pale nikitazama."

Alikaa kwenye kiti chake cha kazi. Akashika futi shingoni kwa mikono miwili. "Nikisema sioni, mimi ni nani? Nitabaki mtu aliyevaa futi." Alisema kwa sauti ya chini, na mimi nikaondoa jicho kwenye ufa, kwa sababu kuna maneno ambayo hata mdaku anaona aibu kuyasikia. Sikio niliacha palepale.

Dada hakumbembeleza. Alikwenda kuutupa ule mbaya chooni pamoja na kifuko chake, akaosha mikono kwa sabuni, akaniita kwa jina langu la utotoni, jambo lililoniambia kwamba alijua nilipo, na kuniamuru nisugue meza. Kisha akachukua wale wa kapuni, akawarudia mmoja mmoja, akawageuza, akawakwaruza, wale aliowatilia shaka akawatupa, na waliobaki akaenda kuwapika nyumbani, mimi nikimfuata. Akatia chakula sahani moja. Akakaa kwenye kiti anachokalia mumewe akila, akaanza kula.

Shemeji alikuja kwa kufuata harufu, akasimama mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Nakula."

"Nani amekagua?"

"Mimi. Misimu yote hiyo nilibeba kapu. Masikio sikuyaacha nyumbani."

"Mama watoto, acha. Hujawahi kula. Hujui—"

"Aliyechagua ndiye anayekula kwanza. Ni sheria yako." Akamsukumia simu na kile kiti kingine. "Kaa. Leo ni zamu yako."

Nimemwona shemeji msibani, nimemwona hospitalini, lakini sijamwona akiogopa kama alivyoogopa siku ile kwenye kile kiti. Dada alitafuna bila haraka. Alichovya mkate kwenye mchuzi. Shemeji alikaa na simu mapajani kama alivyokuwa akikaa mkewe, na hakuweza kutulia.

"Tumbo linasemaje?"

"Linasema liachwe lile."

Akasogeza kiti mbele. "Kichwa?"

"Kipo."

Akasogeza tena, magoti yao yakagusana. Akanigeukia mimi. "Shemeji, amebadilika rangi?"

"Rangi yake ileile," nikasema. "Ya ubishi."

Hakucheka. Akainama mbele mpaka pua yake ikakaribia ya mkewe, macho ameyakaza, na nikadhani anatania, maana ndivyo tulivyozoea. Hakuwa akitania.

"Sioni uso wako," alisema.

Dada aliacha kutafuna.

"Naona gauni. Juu ya gauni naona kivuli. Ukibadilika rangi mimi sitajua, mpaka niambiwe na huyu mshona viatu." Aliishika simu kwa nguvu. "Nilidhani unanihukumu. Kumbe kazi ni hii. Uliwezaje kukaa hapa?"

"Nilikaa," dada alisema. Akajifuta midomo. "Daktari wa macho anatungoja. Jumatatu tunakwenda."

"Umeongea naye lini?"

"Siku ya suruali ya mwalimu mkuu."

Asubuhi iliyofuata majirani walikuta shemeji ameshatangulia kumuuliza dada ameamkaje, mara nyingi kuliko ustaarabu unavyoruhusu, na dada akijibu kwamba ameamka na njaa. Mimi nilipewa kiporo, kama haki yangu ilivyo.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba anatolewa. Shemeji akamwambia daktari kwamba watoto wake wote wameshahama nyumbani, hakujua kwamba kuna mmoja aliyebaki akila bure. Nikajua atapona. Na wateja hawakuhama. Mwalimu mkuu alipopata habari alikuja na suruali nyingine nyeusi, akasema ataisubiri, ila uzi amekuja nao mwenyewe.

Siku hizi wanachuma pamoja. Kila uyoga unapita mikononi mwa wote wawili, na wakibishana unatupwa, na kwa kuwa ni watu wa kubishana, kapu hurudi nusu tupu. Kinachobaki wanakula wote, sahani moja. Ile sheria ya kubaki na simu haikufutwa. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti, nikiwatazama wanavyotafuna, na naomba ijulikane kwamba ni kazi ngumu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni siku bendeji ilipotolewa kwenye jicho la kwanza, kule hospitali. Shemeji alipepesa, akatazama dirisha, akanitazama mimi na kusema nimezeeka. Kisha akamgeukia dada aliyekuwa amesimama miguuni mwa kitanda na gauni lake la kijani. Macho yakaanzia mabegani, yakashuka kiunoni, yakashuka mpaka chini. Yakakwama hapo.

"Gauni hili limepinda," alisema. "Nani alikushonea?"

"Wewe."

Alilitazama tena. Nikaona akikumbuka meza ya kukatia, taa aliyoilaumu, kitambaa alichokipima kwa vidole. "Umelivaa hivi? Mbele za watu?"

"Kila mahali."

"Lete nyumbani nilifumue. Nitalishona upya, litakaa sawa."

"Liache," dada alisema. "Ulilishona huoni, na bado limenienea."

Shemeji alinyoosha mkono, akaushika ule upindo wa kushoto, akaupapasa mpaka mwisho wake, kisha akauachia. Mimi nilikwenda kuulizia gari.